Aina Saba za "Sori"

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Najua neno hilo si la umri wangu. Nilipomwambia mama, muuguzi ambaye bado ana miaka mingi kabla ya kustaafu kwa haki, aliweka kikombe chini akaniuliza kama ninaumwa. Lakini kazi niliyoajiriwa kuifanya imekwisha yote, mpaka mstari wa mwisho, na sijui neno lingine la mtu ambaye kazi imemalizika yeye akiwa bado yupo. Nilifikiria "kumaliza mkataba". Kumaliza mkataba hakuna keki. Kustaafu kuna keki, na keki ilikuwapo.

Nyinyi wawili mnaoanza Jumatatu, Bwana Msuya aliniomba niwaachie ukurasa mmoja wa maelezo. Nilianza na ukurasa mmoja, nikaogopa kuacha kitu. Msomapo mkaona nimezidisha, rukeni. Mkiruka, tafadhali msiniambie mmeruka wapi.

Ofisi mtaiona wenyewe: iko Nechells, hapa Uingereza, ghorofa ya pili, juu ya ghala la majokofu. Siku yangu ya kwanza nilifika dakika arobaini mapema, nikalizunguka jengo mara nne ili nisionekane nimewahi mno. Mzunguko wa tatu, dereva wa gari la kunyanyulia mizigo alinipungia mkono. Wa nne akaniuliza kama ninatafuta friji.

Ngazini nilikuwa najadiliana na nafsi yangu juu ya salamu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mhariri wetu ni Mtanzania, mtu wa Same. Sisi wa Nakuru hatuna shikamoo ya kila siku, na Mtanzania usiyemwamkia anaweza kukuona umelelewa na redio. Lakini ana umri gani? Ukimpa shikamoo mtu wa miaka thelathini na tisa, umemzeesha kabla ya chai. Nilifungua mlango nikiwa bado sijaamua. Mwanamume mwenye miwani na sweta ya rangi ya maharage alinitazama. Nikamtazama.

"Marahaba," alisema.

"Sijasema kitu."

"Najua, binti. Nimekusaidia."

Huyo ndiye Bwana Msuya. Mwamkieni.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Zawadi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bukavu kabla vita havijamleta huku, mama wa watoto watano wanaoelewa Kiswahili chake chote na kumjibu kwa Kiingereza. Alikuwa ameweka kiti chake kando ya hita, na siku hiyo ya kwanza alinivutia kingine. "Kuja karibu, mutoto. Uku chini ni majokofu, baridi yao inapanda. Unaitwa nani?"

"Nekesa."

"Bon. Nekesa, weye unapumua?"

Nilisema ndiyo, kisha nikaanza kufikiria kama ni kweli.

"Basi utaweza. Iyi kazi ni ya pumzi."

Kazi yetu, kwa ajili ya jamaa watakaowauliza, ni kuandika Kiswahili kinachopita chini ya skrini mtu anapotazama kipindi cha Kiingereza. Tunaita mistari. Kila mara unaruhusiwa mistari miwili, herufi arobaini na mbili kwa kila mmoja, na ikae kwenye skrini kwa muda wa kusomeka, basi. Mwingereza anasema neno fupi kama chafya. Sisi tuna "ningalikuwa nimekwisha kukuambia", na unapofika mwisho wa hilo mwigizaji ameshatoka mlangoni, amepanda basi. Mama Zawadi alinifundisha kusoma kila mstari kwa kinywa kabla ya kuuandika kwa kidole. Pumzi ikikukatikia, msomaji naye amekatikiwa. Nawaachia pia saa yake ya jikoni, ile yenye umbo la nyanya. Inakwenda sawasawa, msicheke sura yake.

Miezi ya mwanzo nilifanya mapishi, na kipindi kimoja cha mbwa waliopotea. Kisha wakatuletea Mapazia.

Hilo ni jina tulilokipa sisi. Ni vichekesho vya kampuni inayouza mapazia, na kila mtu humo ndani anaficha kitu. Waingereza walikitengeneza kwanza, mfululizo mfupi. Wamarekani wakakipenda, wakakitengeneza upya kwao na watu wao. Bosi asiyejua kuongoza yumo kote kuwili, msichana wa mapokezi mwenye akili kuliko wote yumo, visa ni vilevile, wakati mwingine hata maneno. Na bado ni kama ndugu wawili waliolelewa na shangazi tofauti.

Bwana Msuya aligawa kazi. Mimi nilipewa toleo la Uingereza, Mama Zawadi la Marekani, vipindi sita vya mwanzo kila mmoja.

Bosi wangu aliitwa Clive. Ofisini kwake mvua hainyeshi wala haiachi kunyesha. Clive hajui aweke wapi mikono yake. Anawaogopa wafanyakazi, nao wanamwonea haya, na kichekesho kikubwa ni pale mtu anaposema jambo la kijinga na wote wakanyamaza. Kimya cha sekunde nane! Wiki ya kwanza vimya hivyo vilininyima raha, nikawa naandika "(kimya)" ili msomaji asidhani nimezembea. Bwana Msuya alivifuta vyote. "Kimya hakina Kiswahili," alisema.

Bosi wa Mama Zawadi aliitwa Randy. Randy anaingia kazini kila asubuhi kama bwana harusi. Jua linawaka, vikombe vya kahawa ni vikubwa kama ndoo, na kila mtu anasema anachohisi, halafu anaigeukia kamera na kukisema tena.

"Wako hasemi kitu," Mama Zawadi alikuwa akinitania. "Anafungua kinywa, anafunga. Ni samaki?"

"Wako hanyamazi, Mama."

"Wangu iko mujinga, lakini iko na roho muzuri. Wako, ile roho ameificha kwa kabati."

Kila toleo lilikuwa na neno lake la kutuua. La Marekani lilikuwa "familia". Randy anawaambia wafanyakazi kila saa kwamba wao ni familia yake, nao wanageuza macho. Kwetu kichekesho kiko wapi? Kwetu kila bosi husema hivyo, na mwenyekiti wa kwaya, na mwenye duka la simu, na hakuna anayegeuza macho. Mama Zawadi alilala na neno hilo siku tatu, kisha akaandika: "Mimi ndiye baba yenu." Katika tukio linalofuata Randy anamwita karani wake kwa jina lisilo lake. "Ona sasa," aliniambia, akigonga skrini kwa kijiko cha chai. "Baba, na hajui majina ya watoto." Nilicheka mpaka wa majokofu wakagonga dari kwa ufagio.

Neno langu mimi lilikuwa "sori".

Katika kipindi kimoja Clive anasema "sori" mara thelathini na moja. Nilihesabu mara tatu, kwa sababu ya kwanza nilipata thelathini na ya pili thelathini na mbili. Nikatengeneza jedwali. Niligundua aina saba. Kuna sori ya kuomba kupita. Kuna ya kutosikia ulichosema, na ya kusikia vizuri sana na kutopenda. Kuna ya kuanza kuzungumza, kuna ya kukutaka uache kuzungumza. Ya sita ni ile Mwingereza anayokupa wewe unapomkanyaga yeye, ili ujue umemkanyaga. Ya saba ni ya mtu aliyekosa na anayejuta, na katika vipindi vyote sita ilitokea mara moja tu, mwishoni kabisa.

Zote nilikuwa nimeziandika "samahani".

"Binti," alisema Bwana Msuya, "huyu bwana ni mgonjwa? Samahani thelathini na moja! Hata mtu anayeungama hafiki hapo."

"Nibadilishe niweke nini?"

"Kumradhi."

"Hakuna mtu aliye hai anayesema kumradhi, Bwana Msuya."

"Mimi niko hai."

Nilitembea na neno hilo wiki nzima. Ndani ya basi la kurudi nyumbani Kings Heath nilikuwa nikiwasikiliza watu kama mpelelezi. Mama hakunisaidia. Bado alikuwa na kisa chake na dereva aliyemwita "bab", kama watu wa hapa wanavyomwita mtu kwa upendo, naye akamjibu kwa Kiingereza safi kwamba yeye si baba wa mtu. Halafu Jumamosi moja kwenye High Street, mwanamume aliyebeba mifuko miwili alijigonga kwenye sanamu la kuvalisha nguo mbele ya duka. Akaliambia "sori". Tena kwa upole, na akalishika bega lisianguke.

Nilisimama katikati ya njia. Ilikuwa pole! Pole tunampa mtu aliyefikwa na jambo: amejikwaa, amefiwa, ametoka kazini. Anayetoa pole hana kosa, na ndiyo raha yake. Na huyo ndiye Clive, mtu anayetembea duniani akikipa kila kitu pole bila kukiri chochote. Tena ni herufi nne badala ya nane. Niliwapigia simu wote wawili papo hapo, watu wakinipita kushoto na kulia wakinipa sori.

"Iyo ni yenyewe!" alipiga kelele Mama Zawadi.

"Inakubalika," alisema Bwana Msuya, na kwake hizo ni ngoma na vigelegele.

Jumatatu yake mteja wetu alituandikia. Ni Mwingereza aitwaye Gemma, mtu mwema mwenye daftari, mtamwona. Alisema kituo chake cha televisheni hakitaweza kuweka Kiswahili kwenye matoleo yote mawili. Wangechagua moja. Kipindi cha sita cha kila toleo, ambacho kisa chake ni kimoja, kingeonyeshwa mbele ya watu wanaozungumza Kiswahili, na toleo ambalo lingewashika watu zaidi ndilo lingeendelea. Lingine lingeishia hapo, pamoja na mistari yote iliyokwisha kuandikwa.

Niliisoma barua hiyo mara kumi na moja. Nikishinda, ninamtoa kazini mwalimu wangu. Nikishindwa, miezi yangu yote inaingia kwenye pipa, na Clive wangu, ambaye sasa nilimpenda kama mjomba asiyejiweza, hatasikika kwa Kiswahili milele. Nilijaribu kufikiria sare. Nikaenda kumuuliza Mama Zawadi kama amekasirika.

"Nikasirike juu ya nini? Fanya kazi yako. Nikikuona unafanya vibaya ili nishinde, ile siku ndiyo nitakasirika."

Zilibaki siku mbili. Hapa ndipo nataka msome polepole. Kompyuta zetu zina kitufe cha Badilisha Zote, na Bwana Msuya amebandika karatasi juu ya kila skrini: FIKIRI KWANZA. Mimi, mtu anayefikiri mara nane kabla ya kuagiza chipsi, niliandika "samahani" huku na "pole" kule, nikabonyeza bila kufikiri hata mara moja. Kila "samahani" ya vipindi sita ikageuka kufumba na kufumbua. Nilijisikia kama mtu aliyeruka ua. Nilikwenda nyumbani nikaimba jikoni.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja kule Ladywood, Jumamosi alasiri, kati ya mazoezi ya kwaya na mkutano wa harusi. Walijaa. Familia za Kikongo na watoto wao, wauguzi Wakenya wengine wakiwa bado na sare, wanafunzi waliokuja kwa sababu ya chakula. Mama Zawadi alipitisha sinia la mandazi, ambayo yeye anayaita mikate, na watu wakaanza kubishana jina kabla hata taa hazijapunguzwa. Gemma alikosa kiti akakaa mbele sakafuni na watoto.

Walianza na Marekani. Kisa ni hiki: msichana wa mapokezi amepata nafasi ya kuhamia makao makuu, ndoto yake, na bosi amesahau kuituma fomu yake. Nafasi imekwenda kwa mwingine. Randy anafanya nini? Anawaita wafanyakazi wote, anapanda juu ya kiti, analia, anajipiga kifua, anamwomba msichana radhi mbele ya kila mtu na kumkabidhi boksi la donati.

Nilijifunza jambo siku hiyo ambalo hakuna skrini ya ofisini itakayowafundisha. Kicheko cha ukumbi wetu huja kwa mawimbi mawili. Watoto wanacheka kwanza, kwa sababu wanasikia. Wazazi wanacheka baada yao, kwa sababu wanasoma. Kwa Randy mawimbi yote mawili yalikuwa makubwa.

"Ashuke kwanza kwenye kiti!" bibi mmoja alimwamrisha.

"Donati hazitoshi! Alete mbuzi!" bibi huyohuyo akaongeza.

"Lakini ameomba mbele ya watu," mwenzake akamtetea Randy. "Hivyo ndivyo mtu anaomba. Na mashahidi wako."

Nilicheka na kuogopa kucheka, maana kila kicheko kilikuwa kura. Na nilikuwa na wazo jipya la kunitisha: kwamba kwa jambo hili Wamarekani ni ndugu zetu zaidi. Sisi pia hatuombi msamaha kona ya ofisi. Tunaita wazee, tunaweka viti.

Kisha Clive wangu akatokea. Dakika tano, hakuna kitu. Mvua, mikono, kimya. Nilihesabu vigae vya dari. Halafu Clive akajigonga kwenye mlango wa kioo, akauambia mlango: "Pole." Nyuma yangu mzee mmoja wa Kikongo alijipiga goti. "Anapa mulango pole!" Clive akaipa mashine ya fotokopi pole. Akaipa simu iliyokatika pole. Wimbi la pili likaanza kulifikia la kwanza, kisha kulipita, na baadaye ukumbi ulikuwa unamtangulia, akigeuka tu wanamwimbia, "Poleee!" Sijawahi kulewa, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa.

Tukafika mwisho. Janet wa mapokezi ameshavaa koti, anapanga meza yake. Clive anakuja. Amesahau fomu, naye Janet amejua. Hakuna kiti cha kupanda, hakuna mashahidi. Sekunde nane. Kisha, kwa sauti ndogo, ile ya saba, ile moja tu: "Sori."

Na chini yake, herufi nne: "Pole."

Wazazi wakalisoma. Kisha ukumbi ukalipuka.

"Pole? Pole?!" Muuguzi mmoja alisimama kabisa. "Wewe ndiye umemharibia, halafu unampa pole!"

"Kama jirani!"

"Amletee na rambirambi sasa!"

"Huyu ni shetani mwenye tai!"

Watu walishikana mabega. Mtu aliangusha chai. Ndicho kilichokuwa kicheko kikubwa kuliko vyote vya siku ile, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yake nikiwa baridi kama majokofu ya ghala la chini, kwa sababu wimbi la kwanza halikuwamo. Watoto walikuwa kimya. Msichana wa miaka kama tisa alimgeukia mama yake, akamuuliza kwa Kiingereza mbona watu wazima wanacheka na hapa ni mahali pa kuhuzunika.

Gemma naye alikuwa amekaa na watoto.

Alinijia na daftari lake, uso umewaka. "Wamekipenda!" alisema. Kisha akapunguza sauti. "Ila hawa wadogo hawakucheka. Kilikuwa kimeandikwa nini pale?"

Ndani ya kichwa changu zilipita sababu nzuri nane. Ingewezekana kusema ni utamaduni. Mtu akikwambia ni utamaduni, nani anauliza tena? Mama Zawadi alikuwa amesimama kando na sinia tupu, ananitazama, naye alikuwa amesoma mstari ule na alijua.

"Kimeandikwa kosa," nilisema. "Neno tunalompa mtu aliyejikwaa. Mwenye kosa akilitumia ni tusi."

"Lakini walicheka kuliko popote."

"Walicheka kosa langu. Kipindi chenu hawajakiona. Nipe dakika moja."

Bwana Msuya aliniwashia taa na kunipa maikrofoni bila kuuliza. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilikuwa na samahani, nilikuwa na naomba radhi, na kwa upande wa Bwana Msuya nilikuwa na kumradhi. Nilikuwa na jedwali zima. Nyuso zote zilinigeukia, na kinywa kikaenda bila mimi.

"Mstari wa mwisho niliandika vibaya. Yule bwana hakusema vile, ni mimi. Nisameheni."

"Umesamehewa!" ukumbi ukajibu kwa pamoja, kama ibada, na bibi wa donati akaongeza, "Kaa sasa utuonyeshe!"

Nilishika kompyuta. Neno nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa bado liko mdomoni. Nilifuta "Pole". Niliandika "Nisamehe."

Tukazima taa, nikarudisha nyuma. Koti. Meza. Clive na mikono yake. Sekunde nane. "Nisamehe."

Hakuna aliyecheka, si watoto, si wazazi. Janet anafunga zipu. Anamjibu neno moja la Kiingereza, nililoandika "Sawa," kisha anatoka, na kipindi kinakwisha.

Sauti ya yule muuguzi ikatoka gizani. "Sawa gani hiyo?"

"Amemsamehe," mtu akasema.

"Hapana, bwana. Mimi nimewahi kusema hiyo sawa. Hiyo sawa si sawa."

Kicheko kikarudi, cha aina nyingine, cha watu wanaojuana. Mume wake, nadhani ni mume wake, aliinamisha kichwa. "Kweli amemsamehe au la?" bibi alidai. "Kipindi kingine kiko wapi? Kiweke!" Hakikuwapo. Waliendelea kubishana wakikunja viti, wakapeleka ubishi mpaka kituo cha basi, na waandaaji wa harusi waliokuwa wakiingia wakauliza Janet ni nani na amekosana na nani.

Jumatano Gemma alipiga simu. Toleo la Marekani watu walilicheka, alisema, lakini la Uingereza waliliulizia. Ni Clive.

Niliweka simu chini nikaenda kwenye hita. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Niliipoteza.

"Mama Zawadi, nime... Wamechagua..."

"Nimesikia. Kuta ni za karatasi." Alinishika mikono miwili. "Sikia, mutoto. Mimi mwaka huu ninaacha kazi. Magoti imechoka na ile ngazi. Sikukuambia, ungenionea huruma na ungeandika mavi. Sasa, umeshinda. Yako imebakia vipindi ngapi?"

Sikuwa nimewahi kuhesabu. Nilikuwa nimehesabu sori, herufi, sekunde, na vigae vya dari.

"Sita," nilisema.

"Sita tu? Kisha?"

"Kisha imeisha. Waingereza walitengeneza kumi na viwili tu."

"Na ya Amerika?"

Bwana Msuya alijibu bila kuinua macho. "Karibu mia mbili."

Mama Zawadi alianza kutetemeka mabega. Alijaribu kujizuia, nawahakikishia. "Mutoto umepigania kijiko," alisema machozi yakimtoka, "sufuria umeiacha kwa moto!" Tulicheka sote watatu mpaka ufagio wa watu wa majokofu ukaja, kisha ukaacha, nadhani walikata tamaa.

Vile sita tuligawana, vitatu vyangu na vitatu vyake. Nawaambia kwa uzoefu wa kazi yangu yote: hakuna miezi iliyokuwa mizuri kuliko ile. Alihama kwa Randy akamkuta Clive, akaanza kumpenda kwa shingo upande. "Huyu samaki," alikuwa akisema, "iko na kitu ndani." Tulibishana kila neno. Mimi naleta la Nakuru, yeye la Bukavu, Bwana Msuya anakataa yote mawili na kutoa lingine ambalo halijaonekana tangu shule ya kati. Janet, ili msisumbuke, alikuja kumsamehe katika kipindi cha kumi, kwa kumwachia biskuti.

Mstari wa mwisho wa kipindi cha mwisho tuliufanya Ijumaa iliyopita, saa nne na nusu asubuhi. Clive ameachishwa kazi. Anafunika mashine ya fotokopi, anatazama viti vitupu, anazima taa. Mlangoni anageuka, na anasema maneno mawili madogo ya Kiingereza ambayo hayana maana yoyote, yale mtu husema anapojipiga mapaja na kuinuka. Sote watatu tuliinamia skrini yangu. Nilianza kuogopa, kwa mazoea.

Tulifungua vinywa wakati mmoja.

"Haya," nilisema mimi.

"Haya," alisema Bwana Msuya.

"Aya," alisema Mama Zawadi.

Tukatazamana. Mwaka mzima haikuwa imetokea.

"Ila ina h," Bwana Msuya aliongeza.

"Iyo h ni ya nini?" alisema Mama Zawadi. Alikuwa ameshavaa koti lake, mkoba begani. "Mutu anaenda kwao, amechoka. Munamubebesha mzigo."

Niliandika herufi nne, kwa sababu ndivyo ilivyo katika kamusi, na kwa sababu Bwana Msuya ndiye mhariri. Kisha akanyoosha mkono juu ya bega langu, akafuta herufi ya kwanza mwenyewe, akaweka A kubwa: "Aya."